Kabla hujapanda gari la msafara

Wadogo zangu mnaoanza dawati la siasa, sheria mtafundishwa, na mzisome kweli: ibara ya 18 ya Katiba, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na marekebisho yake ya 2023, na lile Azimio la Dar es Salaam la 2011 kuhusu uhuru wa uhariri. Ila katika miaka yangu kazini, waandishi niliowaona wakipoteza uhuru wao hawakuupoteza siku gazeti lilipofungiwa. Waliupoteza mapema, kwenye kiti cha nyuma cha gari la mtu.

Wangu mimi niliuachia njiani kwenda Geita, kampeni za 2010. Ofisi haikuwa na gari, mgombea alikuwa nalo. Nikapewa kiti, maji baridi, chipsi kuku na chumba cha kulala. Tulipofika mkutanoni, watu walijaa upande wa jukwaa tu. Nyuma ya mwembe watoto walikuwa wanacheza mpira, mgombea akihutubia. Nikaandika "umati mkubwa ulifurika". Hakuna aliyeniomba niandike hivyo, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Nilikuwa nalipia kuku.

Mpigapicha wetu alikuwa amepanda juu ya lori, na picha yake ilichukua uwanja wote, pamoja na watoto na mpira wao. Usiku mhariri akanipigia kutoka Dar: "Nina picha hapa. Hao waliofurika wamekaa wapi?" Ikatoka "mamia ya wakazi". Kesho yake nikaambiwa gari limejaa. Nikarudi Mwanza kwa basi, tukavuka Busisi kwa kivuko, maana daraja lilikuwa bado, na nauli nikajilipia.

Najua mtaniuliza kuhusu bahasha, zile pesa waandishi wanazopewa na wenye habari. Mwandishi anayelipwa kwa stori, tena ikichapwa, akiambiwa asaini karatasi ya "nauli" baada ya mkutano na wanahabari, si haki kumhukumu kama fisadi. Mwajiri anayemtuma bila nauli ana sehemu yake ya lawama. Ushauri wangu ni mdogo tu: ukisafirishwa na mtu, mwambie mhariri kabla ya kuondoka, na stori iseme hivyo. Ukiona aibu kuliandika jambo hilo gazetini, basi umeshajijibu.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Kila Aprili ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zikishawasilishwa bungeni, utaona vichwa vya habari: "Mabilioni yaliwa". Soma ukurasa, usisome mtandao. Malipo yasiyo na viambatanisho ni malipo yasiyo na viambatanisho. Huenda yameibwa, huenda risiti iko kwenye faili la ofisi nyingine. Hoja ya ukaguzi si hukumu ya mahakama, na majibu ya menejimenti mara nyingi yamo humohumo, mistari michache chini. Niliwahi kuyaruka majibu hayo kwa sababu yaliharibu kichwa changu kizuri. Halmashauri ikaleta barua ya malalamiko, na ilikuwa na haki. Tulichapa masahihisho ukurasa wa nne, madogo kama tangazo la kupotea kwa leseni. Hilo nalo lilikuwa kosa, kwa sababu tuhuma tuliiweka ukurasa wa kwanza.

Halafu kuna sentensi ambayo natamani ife: "jitihada za kumpata hazikuzaa matunda". Jitihada gani? Mara nyingi ni simu moja, saa kumi na moja jioni, ukurasa unafungwa saa kumi na mbili. Mtumie maswali kwa maandishi asubuhi, yenye kiasi, tarehe na jina la mradi, umpe muda wa kutafuta faili. Asipojibu, andika ulimtafuta lini na kwa njia gani. Viongozi wengi hukwepa kwa makusudi, nawajua, lakini wakwepe maswali halisi, si simu ya kutimiza wajibu.

Na nyaraka zikikufikia bila jina, furahi kidogo, kisha jiulize nani anagombana na nani ndani ya ofisi hiyo. Aliyevujisha ana vita yake. Nyaraka zinaweza kuwa za kweli na bado zikawa zimepunguzwa kurasa mbili zinazomtaja yeye. Angalia namba za kurasa.

Jambo lililonichukua muda mrefu kuliko yote ni upande ninaoupenda. Ukiandika makosa ya serikali kila siku, wapinzani wanakuwa jamaa zako: mnakula pamoja Dodoma, wanakuita kamanda. Lakini vyama vinavyopata ruzuku navyo hukaguliwa na CAG, fedha ile ni ya mlipakodi uleule. Mwaka mmoja nilikutana na hoja kuhusu hesabu za chama chenye rafiki zangu. Niliikalia siku tatu, nikijiambia natafuta ufafanuzi zaidi, ingawa hoja za wizara nilikuwa nazimaliza siku hiyohiyo. Siku ya nne nikatuma maswali, wakajibu, stori ikatoka na majibu yao.

Jioni rafiki mmoja akanipigia. "Kaka, na wewe umenunuliwa?" Wiki hiyohiyo ofisa mmoja wa serikali alikuwa ameniuliza swali hilohilo. Bei tu ndiyo hawakunitajia.