Anza na Wachimbaji, Mashine Zitasubiri

"Assalaam alaykum mwalimu. Nimesoma kuhusu migodi ya makaa ya mawe iliyogeuzwa makumbusho huko Ulaya. Nasi huku tuna kazi za zamani zinazopotea. Nianzie wapi?"

Ujumbe huo umetoka kwa kijana wa Faza, huku kwetu Lamu. Najua wako watakaoguna: Lamu tulipiga kelele makaa yasije, na Juni 2019 mahakama ya mazingira ikafuta leseni ya ule mtambo wa umeme wa makaa uliopangwa kujengwa Kwasasi, leo mgodi unatuhusu nini? Unatuhusu. Mgodi wa Zollverein wa Essen, Ujerumani, ulifungwa 1986, na 2001 ukatiwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO, mwaka uleule ulioingia mji wetu wa kale. Sisi kwa nyumba za matumbawe na boriti, wao kwa mnara wa chuma wa kupandishia makaa.

Mimi nilibahatika kufika Big Pit, Wales. Mgodi huo ulifungwa 1980, ukafunguliwa kwa wageni 1983. Kabla ya kushuka mita 90 hivi, unavuliwa saa, simu na chochote chenye betri, maana cheche moja ikikutana na gesi ya methani ni balaa. Aliyepokea simu yangu alikuwa mchimbaji wa zamani, na ndiye aliyetuongoza. Huko chini akatuzimisha taa za kofia. Giza lile hata mkono wako huuoni. Kisha akaanza kusimulia kazi, na hapo nikaelewa kwamba bila yeye ningeona shimo tu.

Niliporudi nikawafuata wazee waliokuwa wakichoma chokaa. Mmoja akanipangia vijiti mchangani: magogo kwa mduara, katikati nafasi ya kutilia moto, matumbawe juu. "Ukipanga ovyo," akasema, "tanuri laanguka upande na chokaa yaiva nusu." Hilo huliandiki kwa kulitazama tanuri bovu. Nilirekodi, nikachora, nikawaonyesha wanafunzi, na darasa zima halikutaka kwenda mapumziko. Najisifu, ndiyo.

Ofisi moja ikaja baadaye, ikaomba kazi yangu "kwa ushirikiano", ikaweka bango lenye jina lake. Mzee hakutajwa, mimi sikutajwa. Bado linaniuma.

Kwa hiyo kijana wangu, watu kwanza. Chuma kitakungoja, mzee hakungoji. Nasema tena, watu kwanza! Wengi mnakimbilia ufadhili, fulana na uzinduzi, na waliofanya kazi hawajaulizwa hata swali. Rekodi jina la kila anayesimulia, mwombe idhini, na nakala ya kwanza ipeleke kwake kabla ya ofisi yoyote. Nenda baada ya Alasiri wakiwa barazani, na kahawa ununue wewe.