Filta ya gradi alfajiri ya Kilimanjaro: pima kwanza, chomeka baadaye

Mzee mmoja wa Kibosho alinipa kazi ya kupiga picha ya kihamba chake, yaani shamba la migomba la nyumbani, mlima ukiwa nyuma, aitundike sebuleni kabla wanawe hawajarudi kwa Krismasi. Nilifika saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kibo, kilele cha juu cha Kilimanjaro, kiliposhika rangi ya waridi, migomba ilikuwa bado myeusi tii. Nikachomeka filta, anga likatulia, nikapiga. Picha ilipochapishwa kubwa, mzee aliisogeza dirishani, akaweka kidole juu ya majani.

"Mwanangu, hii migomba imepigwa na nini huku juu?"

Nikatazama. Shina na majani ya chini yalikuwa kijani safi; kuanzia katikati kwenda juu majani yamekuwa meusi kana kwamba yamebabuliwa na moto. Mstari wa filta ulikuwa umepita katikati ya mgomba.

Kwa asiyeijua, filta ya gradi ni kioo au plastiki ya pembe nne inayokaa mbele ya lenzi. Juu ina kiza cha kijivu, chini haina rangi kabisa. Inapunguza mwanga wa anga peke yake, ili ardhi isife gizani wala theluji isiungue ikawa nyeupe tupu. Iliyoandikwa 0.3 inapunguza stopu 1 (kila stopu ni mwanga kupungua kwa nusu), ya 0.6 inapunguza 2, ya 0.9 inapunguza 3. Nunua za kuchomeka kwenye kishikio, si za kuzungusha kwenye lenzi kama skrubu, maana hizo mstari wake umeganda katikati ya fremu na huwezi kuupandisha wala kuushusha.

Kosa langu kubwa lilikuwa kukisia. Siku hizi naweka kamera kwenye tripodi, naiweka kwenye M (kila kitu napanga mwenyewe), ISO 100 (wepesi mdogo wa kunasa mwanga), f/11 (tundu dogo la lenzi), kisha napima ardhi peke yake. Tuseme inanipa kasi ya 1/8 ya sekunde. Nainua kamera napima anga, mbali na jua lenyewe, nakuta 1/125. Hapo tofauti ni stopu 4. Usiziondoe zote! Nachomeka ya 0.9, napiga kwa 1/8 ileile ya ardhi, na anga linabaki linang'aa kuliko ardhi kwa stopu moja. Macho yetu yamezoea hivyo. Anga likiwa jeusi kuliko shamba, mtu ataona kuna kitu hakiko sawa hata kama hajui kukitaja.

Majini sheria hiyo ni kali zaidi. Pale bwawa la Nyumba ya Mungu, ukisimama upande wa Mwanga jioni, jua linazama ng'ambo ya Simanjiro na maji yanalirudisha anga lote. Kivuli cha anga majini siku zote ni hafifu kuliko anga lenyewe, kwa hiyo maji yakitoka yanang'aa kuliko juu, umezidisha filta. Lakini pale upeo umenyooka, kwa hiyo ndipo mahali pa filta yenye ukingo mkali, ambayo kiza chake kinakatika ghafla. Kwingine kote huku kwetu, nakushauri uanze na yenye ukingo laini, ambayo kiza chake kinafifia polepole. Meru ina mita 4,566 na kilele chake kimechongoka. Ukiipiga kutokea Moshi jua likizama upande ule, ukingo mkali utaikata shingo.

Kuupata mstari, tazama kioo cha nyuma cha kamera huku ukisukuma filta juu na chini polepole. Mwendo wake unauona vizuri kuliko ukiiacha imetulia. Fanya hivyo tundu la lenzi likiwa limebanwa kwenye f/11 unayopigia, kwa sababu kwenye f/2.8, tundu likiwa wazi, mstari unaonekana laini kuliko utakavyotoka kwenye picha.

Na pima tena kila baada ya dakika mbili. Tuko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, jua linapanda na kushuka karibu wima. Filta iliyofaa Kibo kilipoanza kuwaka haitafaa mwanga ukishafika migombani.

Vumbi na umande? Kitambaa laini cha miwani. Ya plastiki ukiifuta kwa shati inachubuka, na mikwaruzo inawaka jua likiitazama.

Nilirudi Kibosho juma lililofuata, kwa gharama yangu. Desemba jua linachomoza kusini kidogo ya mashariki, hivyo uso wa mlima unaotazama Moshi unapata mwanga moja kwa moja, kitu ambacho Juni hukipati. Safari hii nilipanda kwenye tuta lililo nyuma ya nyumba, mpaka migomba ikashuka kwenye fremu na ule mkanda wa msitu chini ya Kibo ukaonekana wote. Msitu wenyewe ni mweusi. Nikachomeka ya 0.6 laini, nikaushusha mstari hadi ukapotelea humo msituni, juu ya ncha za majani.

Mzee aliipeleka tena dirishani. Akaanza kuhesabu mikungu.