Wingu Linapoziba Miwa

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa maji mjini Kisumu. Ninakadiria maji yanayopotea katika mashamba ya miwa ya Muhoroni, yaani yanayovukizwa udongoni pamoja na yale yanayotoka majanini, kwa kutumia joto la uso wa ardhi linalopimwa na setilaiti za Landsat. Wakati wa masika picha nyingi zina mawingu, na baadhi ya pikseli, yaani vijiraba vinavyounda picha, hunipa viwango vikubwa ajabu vya uvukizi. Nifanyeje?

JIBU: Pikseli hizo zifute kwanza, pamoja na zile za kando ya wingu na za kivuli chake. Mionzi ya joto haipenyi wingu, kwa hiyo setilaiti hupima kilele cha wingu, ambacho ni baridi sana. Na kwa kuwa hesabu yako huchukulia ubaridi kuwa dalili ya uvukizi mwingi, wingu huhesabiwa kana kwamba ni shamba lililonyweshwa vizuri.

Landsat 8 na 9 kwa pamoja hupita kila baada ya siku 8, hivyo picha moja ikiharibika unabaki na pengo la siku 16. Usilijaze kwa kunakili milimita za siku angavu. Chukua uwiano baina ya uvukizi wa miwa na uvukizi rejea, yaani ule wa nyasi fupi zisizokosa maji, unaokokotolewa kwa kanuni ya Penman-Monteith kutokana na vipimo vya kituo cha hali ya hewa. Tuseme siku angavu miwa ilipoteza milimita 4.5 na rejea ilikuwa 5: uwiano ni 0.9. Siku ya mawingu rejea ikishuka hadi 3, kadirio lako ni 2.7.

Kuna mtego mwingine ambao, kwa maoni yangu, ni mbaya zaidi kwa sababu hauonekani pichani. Landsat hupita asubuhi, ilhali upande wenu mawingu hujikusanya alasiri, upepo wa ziwa unapokutana na miinuko ya Nandi. Ukikuza kipimo cha asubuhi kuwa cha siku nzima kana kwamba jua halikuzibwa, utapata kadirio kubwa kupita kiasi. Tumia mnururisho wa jua, yaani nishati ya jua inayofika ardhini, uliopimwa kutwa.

Vipimo vya joto vinavyotumia mikrowevu, yaani mawimbi marefu kuliko yale ya mionzi ya joto, hupenya wingu, lakini pikseli yake yenye upana wa kilomita nyingi itachanganya miwa yako na milima. Ule uwiano wa uvukizi wa miwa na uvukizi rejea hautabadilika sana miwa ikiwa imefunika ardhi. Katika shamba lililopandwa juzi, mvua moja tu huupandisha ghafla, na hapo utahitaji kukokotoa unyevu wa udongo siku kwa siku.