Mvumo wa ampu yangu ya valvu umenyamaza, na dawa haikuwa kapasita mpya

Jumapili iliyopita, saa nne usiku hapa Unga Limited, Arusha, niliwasha ampu (kikuza sauti) yangu ya gitaa, nikafungua gein, kitasa cha kuongeza ukuzaji, hadi mwisho, nikazishika nyuzi za gitaa kwa kiganja, na spika ikabaki na ile ssss nyembamba ya kawaida tu. Nilikaa chini. Wiki sita ampu ilikuwa ikivuma, nami nautafuta ukimya ule.

Mnaojiundia ampu mnayajua maumivu haya. Niliipeleka mazoezini Kijenge, kiongozi wa bendi akaisikiliza dakika mbili, akasema mbele ya wenzangu wote: "Zima hiyo mashine ya kusaga." Sikumjibu. Neno lile liliniuma kuliko pesa nilizomwaga kwenye kapasita (vifaa vya kuhifadhi chaji) ambazo hazikuhitajika.

Kosa langu ni kubadilisha vifaa kabla ya kusikiliza. Umeme wetu ni wa hezi 50. Mvumo laini wa chini mara nyingi unatoka kwenye nyaya za hita, zile za kupasha valvu moto. Zisokote vizuri na uziweke mbali na gridi, mguu wa valvu unaopokea sauti. Ule wenye makwaruzo, wa hezi 100, utafute kwenye pawasaplai, sehemu inayoilisha ampu umeme, baada ya daiodi zinazogeuza umeme uwe wa upande mmoja. Wangu ulikwaruza. Nikazima, nikachomoa valvu ya kwanza, nikawasha tena: kimya. Basi uchafu ulikuwa unaingilia mlangoni kabisa, na gein kubwa haina huruma na mlango mchafu. Valvu ya 12AX7 ina nusu mbili za kukuza, na nusu moja hukuza kama mara 50. Nusu tatu zikifuatana, usipohesabu vipunguza sauti vya katikati, ni mara 125,000. Sehemu ya kumi ya milivolti inafika volti 12.5!

Nikafuata waya mmoja mmoja hadi nikakiona. Kapasita ya kwanza ya pawasaplai, inayopigwa na chaji mara 100 kila sekunde, nilikuwa nimeifunga ethi yake (upande wa kurudisha umeme) boliti moja na ethi ya valvu ya kwanza. Nikaipa waya wake hadi kwenye senta, waya wa katikati, ya transfoma. Kutoka kwenye kapasita hiyo ukaenda waya mmoja tu kwenye mstari wa ethi, na mstari ukagusa chesisi, boksi la chuma la ampu, mahali pamoja, kando ya jeki ya gitaa. Dakika kumi za kulehemu.

Kuna aliyenishauri nikate ethi ya plagi. Ndugu zangu, msithubutu! Umeme ukigusa chesisi, wewe umeshika nyuzi za chuma. Na kapasita hubaki na volti 400 hata ukishazima: zitoe chaji kwa rezista ya kilo-omu 100 ya wati 5, kisha pima kwa mita, ndipo uingize mkono. Acheni haraka, acheni kununua vitu kwa hasira. Sikilizeni ampu zenu kwanza.

Jumamosi narudi Kijenge. Naibeba ileile.