Kuangalia taiming ya kamshafti kwa mashine ya kupima
Kwa pikipiki nyingi haiwezekani kuona taiming ya kamshafti (shafti inayofungua valvu kwa wakati wake) kwa mashine hiyo, hasa za silinda moja. Mashine inasoma kile kompyuta ya injini inachokijua tu, na injini hizo zina sensa ya kranki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) peke yake. Kamshafti haina sensa. Cheni ya ndani inayounganisha kranki na kamshafti ikiruka jino moja, kompyuta haioni kitu. Ile "taiming" inayotokea kwenye skrini ni ya moto wa plagi, si ya valvu. Wengi wanachanganya hapo.

Badala yake angalia alama kwa macho: fungua kava ya hedi, zungusha kranki kwa spana kufuata mzunguko wa injini yenyewe mpaka alama ya T (pistoni iko juu kabisa) kwenye sumaku ikae sawa na alama ya kwenye kava ya sumaku (ya F ni ya moto, achana nayo). Kisha tazama spoketi ya juu (gia ya cheni kwenye kamshafti): kwenye injini nyingi mstari wake unalala sambamba na ukingo wa silinda hedi. Tikisa roka zote mbili (vyuma vinavyosukuma valvu), zinapaswa kucheza kidogo. Kama zimekaza, zungusha kranki raundi moja zaidi, maana kamshafti inazunguka mara 1 kwa kila raundi 2 za kranki. Tenshena (kikaza cheni) iwe inabana cheni unaposoma alama, la sivyo zitakudanganya.

Pikipiki zenye sensa ya kamshafti ni habari nyingine: hapo osiloskopu (kifaa kinachochora mawimbi ya umeme) inalinganisha mawimbi ya sensa zote mbili, ila uwe na picha ya mawimbi ya injini isiyo na kasoro ya aina hiyohiyo.