Maneno ya rais kwenye leso ya lasi

Dada, umeuliza iwapo inafaa kutumia siku ya mapumziko kutazama maonyesho ya vitambaa vilivyodariziwa na wanawake kwa mzaha, ilhali vitambaa vya kudarizi tumevizoea tangu utotoni nyumbani kwa bibi zetu. Nakujibu kwa niliyoyaona mwenyewe New York, majira ya joto ya mwaka 2019, katika duka la nguo la Lingua Franca, mtaa wa Bleecker, lililokuwa limetundika ukutani vitambaa vya mradi uitwao Tiny Pricks.

Mradi huo ulianzishwa na msanii Diana Weymar mwezi Januari 2018, siku chache baada ya Donald Trump, akiwa rais wa Marekani, kujisifu mtandaoni kwamba yeye ni gwiji aliyetulia kabisa. Weymar alichukua kitambaa cha maua ambacho bibi yake alikianza miaka ya 1960 asikimalize, akayadarizi maneno hayo juu ya maua. Wengine, wengi wao wanawake, wakaanza kumpelekea vya kwao. Jina la mradi maana yake ni michomo midogo ya sindano, na kwa Kiingereza cha mtaani ni tusi pia.

Nilisimama muda mrefu mbele ya leso nyeupe ya mkononi yenye lasi, iliyokuwa na doa hafifu la chai pembeni. Katikati ya mawaridi mawili palikuwa na kauli ya Trump ya kuwadhalilisha wanawake, imeshonwa kwa herufi laini kama za foronya ya bibi harusi. Nilicheka. Kisha nikawaza kwamba kauli iliyotamkwa kwa sekunde chache imemkalisha mwanamke fulani saa kadhaa, akiirudia herufi kwa herufi, na kicheko kikanikauka. Kona moja ilikuwa imejikunja, nikaona mafundo ya upande wa nyuma: yalikuwa yamekazwa sana, kuliko mshono ulivyohitaji.

Sisi tuliokulia Pwani tunaujua usemi wa namna hii. Mwanamke hununua kanga kwa ajili ya jina lake, yaani msemo ulioandikwa juu yake, akapita nayo mbele ya mlango wa anayemlenga, na akiulizwa hujibu kwamba alipenda rangi tu. Hapo ndipo nilipoona tofauti, nayo ndiyo inayonifanya nikusihi uende: kanga hutoka kiwandani na maneno yake, kwa hiyo mvaaji anaweza kuyakana, bali aliyedarizi ameiingiza kila herufi kwa mkono wake mwenyewe, na hana pa kujificha.

Ukiweza, nenda na mama. Mimi nilimtumia mama yangu picha ya ile leso, naye, kabla hata hajauliza imeandikwa nini, alitaka kujua kama ule ni mshono wa mnyororo, na aliyeshona alifundishwa na nani.