Aliyekabwa usingizini hasemi uongo

Swali lenu la wiki hii linauliza kwa nini mtu aliyesoma skuli, na chuo cha Kurani akahitimu, bado anaogopa mambo ya kishirikina. Mimi ni mwalimu wa sayansi hapa Wete. Naona sababu moja kubwa ni kwamba tunamwambia anaogopa upuuzi, tusimweleze kile kilichompata.

Chukueni Popobawa wa mwaka 1995, shetani aliyesemwa kuwavamia watu usiku wamelala. Alianzia huku kwetu Pemba, akavuka hadi Unguja, na watu wazima na akili zao wakalala nje makundi kwa makundi, moto umewashwa, hakuna anayethubutu kuingia ndani. Wengi waliosema wamevamiwa walieleza mambo yaleyale: unaamka, mkono haunyanyuki, kifua kimekandamizwa, sauti haitoki, na unahisi mtu yumo chumbani. Hayo hawakuyatunga. Ni jinamizi. Tunapoota, ubongo huilegeza misuli ili tusirushe mikono na miguu. Mara nyengine akili huzinduka kabla mwili haujafunguliwa, na ndoto ikaendelea macho yamefunguka. Humpata zaidi aliyekosa usingizi. Sasa fikirini mitaa mizima inakesha kwa woga! Hofu ikazaa jinamizi, jinamizi likaithibitisha hofu. Na mjini Unguja kundi la watu likamuua mtu mwenye maradhi ya akili kwa kumdhania ndiye. Hilo linaniuma mpaka leo: jambo la mwili likatafutiwa mtu wa kubebeshwa.

Dini haikutufunza hivyo. Mtume (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim, jua lilipatwa siku hiyohiyo, na watu wakasema limepatwa kwa msiba ule. Akawaambia kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake, na wakiona hivyo wasali. Tafsiri mbovu aliikata palepale, tena katika msiba wake mwenyewe. Hofu yao akaielekeza kwenye sala.

Ndiyo maana kombe la zafarani, yaani aya za Kurani zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji ya kunywa mgonjwa, silipigi vita, mradi mtoto mwenye homa apimwe malaria kwanza. Ninachokipiga vita ni kumnyooshea kidole jirani.

Mwanafunzi wangu mmoja, msichana wa kidato cha pili, alinijia akisema hukabwa usiku kila mitihani ikikaribia, na kwao anashukiwa shangazi yake. Nilimweleza habari ya misuli na usingizi, akasikiliza kimya. Kisha akauliza: "Kwa hiyo mwalimu, niache kusoma Ayatul Kursi?" Nikamwambia asome, tena asiache. Alale mapema, na alalie ubavu wa kulia kama alivyotufundisha Mtume, maana jinamizi humkaba zaidi anayelala chali. Na shangazi yake aendelee kumwamkia kama siku zote.